Mshauri wa Stoo

Sukari aliposikia kwamba mkandarasi mmoja tajiri anatafuta jambo la huruma la kuwekea jina lake, mate yalimtoka. Sukari ni afisa uhusiano. Ofisi yake, kwa taarifa yako, ni mdomo. Kesho yake asubuhi alikuwa kwa mkandarasi, amevaa tai ya kuazima.

"Mzee, watu wana msongo wa mawazo. Nina huduma ya simu: mtu anaandika shida yake, kompyuta inamshauri papo hapo. Tukiizindua, picha yako iko magazetini."

"Hiyo kompyuta ina akili?"

"Kuliko sisi wote!"

Kompyuta haikuwepo, jamani. Palikuwa na Sukari, simu yake, na stoo nyuma ya ukumbi. Bibi mmoja fundi cherehani, aliyepangwa kuigiza mgonjwa, angeandika akiwa jukwaani. Sukari angejibu kutoka stoo. Maneno yangeonekana ukutani mbele ya waandishi wa habari. Mkandarasi akitia saini mkataba, Sukari kaula. Asipotia, anarudi kulala sebuleni kwa shemeji yake.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Bibi akaandika alivyofundishwa: "Sipati usingizi."

"Pole sana. Vuta pumzi," ukuta ukajibu. Makofi!

Hapo bibi akaacha aliyofundishwa. "Nimevuta. Na wewe unayejibu, unalala?"

Sukari akakodoa macho. Miaka yote anabembeleza watu, hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Vidole vikaenda vyenyewe.

"Silali, bibi. Naogopa. Nimedanganya kila mtu, hata mama anadhani mimi ni meneja wa benki. Hapa nilipo nimejificha stoo, kompyuta hakuna."

Maskini, alisahau kwamba ukumbi mzima unasoma.

Mwandishi mmoja akapenga kamasi. Mkandarasi akasimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Stoo?!"

"Kaa, mwanangu," bibi akamwambia. "Kabla ya cherehani nimeuguza wagonjwa wa akili miaka thelathini. Na wewe, hasira hizi zimekuanza lini?"

Mkandarasi akakaa. Akamweleza bibi robo saa nzima, picha kaisahau. Kisha akaomba kalamu, akafuta jina la Sukari kwenye mkataba, akaandika la bibi, akatia saini.

Kule stoo simu ikatetema. "Umefanya vizuri kusema, mwanangu. Sasa futa machozi utoke. Watu wamepanga foleni, namba yako ni arobaini na moja."