Ngano Inayosubiri Baridi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Naficha jambo. Ule mfuko wa khaki ndani ya friji, chini ya sukuma wiki, si dawa ya kifua changu. Ni ngano. Nimemdanganya mke wangu, Mama Oscar, tangu Januari, naye anauheshimu mfuko kuliko anavyoniheshimu mimi.

Ni ngano ya nchi za baridi. Hulowekwa, ikichipua kidogo hukaa kwenye baridi wiki nyingi, ndipo ikubali kuchanua. Nimefundisha somo hilo miaka yote, chaki mkononi. Sijawahi kuliona likitokea. Nataka suke moja kabla sijafa. Moja tu! Daktari anasema kifua hiki hakitanivusha Julai.

Jumatano, 5 Machi

Jirani yangu Kithaka amekuja kunijulia hali. Uongo. Amekuja kuitazama ngano iliyo kwenye ndoo barazani, niliyoipanda mwaka jana bila kuipitisha kwenye friji. Majani matupu hadi leo. Akauliza, Mwalimu, hii nyasi unauza? Mbuzi wake ana mimba. Nikamwambia hii ni sayansi. Akasema mbuzi hachagui.

Alipoondoka nikawaza kuhusu mwanga. Huko kwao ngano hii, baridi ikiisha siku hurefuka, mmea ukajua wakati umefika. Hapa Meru mchana haurefuki wala haufupiki. Dawa ni balbu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejaribu balbu barazani kabla ya jua kuchomoza. Jogoo amewika mpaka sauti ikakauka. Mama Oscar akauliza nani analipia kuku stima. Nikasema daktari ameagiza mwanga.

Jumamosi, 8 Machi

Msiba! Mama Oscar amesafisha friji. Akaniambia, Mzee, dawa yako imeota mizizi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema mbegu haiwekwi kwenye baridi kama maiti. Ameitundika juu ya moto jikoni, kama mama yake alivyohifadhi mahindi ya mbegu, moshi ufukuze wadudu. Nilipoigusa ilikuwa na joto la chai. Joto kama hilo hufuta baridi yote. Mbegu husahau kabisa. Wiki zote zile!

Nikamshukuru. Kifua kikanibana. Akanishika mkono mpaka kikatulia.

Jumapili, 9 Machi

Mama Oscar ameenda kanisani. Nimebaki na mawazo. Mwenye akili angeacha sasa, au angemwambia mkewe ukweli.

Nimeloweka kikombe kingine cha ngano. Kithaka ana friji ya soda dukani kwake, yenye mlango wa kioo. Nitampelekea wiki hii, ikianza kuchipua. Nimeenda na fimbo yangu kuomba nafasi, nikamwambia ni mbegu ya nyasi bora ya mbuzi, isiguswe mpaka mwisho wa Aprili. Amefurahi mno! Akauliza nitaanza lini kuvuna. Nikajibu kwa sauti ya darasani: Agosti.

Agosti sitakuwepo.