Neno la Siri la Kompyuta ya Majokofu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Wiki ndiyo kwanza inaanza na mimi nimeshachoka. Makao makuu wametuletea injinia kutoka Bukoba, Anatory, shati jeupe, mikono kaikunja mpaka viwiko. Kazi yake ni kutambua mitambo yote ya zamani hapa kiwanda cha samaki na kusema upi unabaki, upi unatupwa. Anapiga picha kila kibandiko. Kompyuta ya majokofu nimeitunza mimi tangu ikiwa mpya. Ikitupwa, nami natupwa nayo. Basi nimeifunga kwa neno la siri. Akitaka kuingia, aniombe! Neno lenyewe ni sifa yangu: mtaaramu. Nimebandika na karatasi mlangoni: NKWABI, MTAARAMU WA MAJOKOFU.

Jumanne, 4 Machi
Paskazia wa masjala kaisoma karatasi, kacheka mpaka akakaa chini. Kasema ni mtaalamu, kwa L, na kwamba sisi Wasukuma herufi hiyo tumeionea vya kutosha. Nimeichana, nimebandika nyingine. Sitakosea tena maisha yangu. Anatory kaja kuomba neno la siri, kwa adabu, na shikamoo juu. Nimeitikia marahaba, nikamwambia arudi wiki ijayo.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Umeme ulikatika, ukarudi, majokofu hayakuwaka. Kompyuta inadai neno la siri. Nikaandika mtaalamu. Ikakataa. Kwa herufi kubwa. Ikakataa. Humo ndani kuna sangara wa Nansio, boti nzima, wanaanza kulainika. Meneja, mama Bernadetta, kasimama nyuma yangu, anatazama saa. Afadhali angefoka. Nikasema mashine imezeeka.

Anatory akauliza, "Mzee Nkwabi, ile karatasi ya kwanza uliandikaje?"

Nikamjibu kwamba ile ilikuwa na makosa. Akaandika kwa R. Majokofu yakanguruma, watu wakapiga makofi. Hawakunipigia mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Bernadetta kasema nikileta ujanja tena, nirudi kwangu nikafuge kuku. Anatory kapendekeza kompyuta ibaki, na mimi nibaki nayo, maana hakuna mwingine anayeijua. Ningemshukuru, ila alitabasamu. Hilo limeniuma sana.

Jioni nimebadilisha neno la siri. Safari hii sijachagua neno gumu. Ni fupi, na nalijua tangu darasa la kwanza, mwalimu alikuwa akiniita hivyo: hodali.