Kidole ya Aubin

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa tatu

Na mashu zingine, kabichi za watu, hatujazipata mpaka sasa. Moja iliingia mu duka ya mama mumoja, ikakaa kati ya sabuni. Nilisinzia juu ya chukudu, ile ya mbao ya magurudumu mbili ya kubeba mizigo, mu mushuko wa Kibati, mchana kweupe. Goti juu ya ubao, mikono mbili kwa usukani, macho imefunga. Nikaamkia mu mutaro, magunia juu yangu. Hakuna mufupa ulivunjika. Asante Mungu.

Muzee Ntirenganya, mwenye chukudu, aliuliza kama nilikunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Nilisema mbuzi alikatiza barabara. Akasema nikifika Pasaka bila ajali, chukudu ni yangu kabisa. Mbuzi wa pili akitokea, chukudu anamupa Aubin.

Aubin ni mutoto wa mama mukubwa, ananizidi miaka, namuita yaya. Tunalala godoro moja. Kila usiku ananipiga mateke. Leo nilihesabu alama kwa mbavu: tano. Wivu wa chukudu, huo. Ninamuangalia tu.

Jumanne, tarehe 10

Mupango: pilipili chini ya ulimi, nisisinzie. Nilisinzia, nikaimeza.

Asubuhi kichwa inauma, kama kawaida. Jirani aliuliza Mama kama tumenunua mashine ya kusaga mihogo. Ni mimi nakoroma. Tena Aubin akamuambia Mama eti nikilala naacha kupumua, kisha nashtuka kama mutu anatoka mu maji. Fitina. Mama alisema kesho tunaenda kwa santé, kliniki ya Katindo.

Jumatano, tarehe 11

Mama Micheline, infirmière, muuguzi wa pale, alinimulika mu kinywa. Akasema mafindofindo yangu ni kama mayai mbili yamekwama mu mulango. Akauliza kama nasinzia mchana. Nilisema hata kidogo. Akatoka kutafuta karatasi. Aliporudi nilikuwa nimelala juu ya benchi yake.

Alieleza pole pole: labda usingizini koo inajifunga, pumzi inakatika, mwili unaamka bila mimi kujua, mara nyingi sana. Njo maana mchana nimechoka. Na miaka kumi na saba si kinga. Alinipa aparei kadogo kama kibanio cha nguo. Unaivaa kwa kidole, unalala, inaandika pumzi yako usiku muzima.

Mama mwema, yule. Lakini ikiandika mabaya, chukudu imekwenda. Na Aubin ana vidole kumi, vyote vizima.

Alhamisi, tarehe 12

Mama Micheline aliangalia aparei, akasema hii ni pumzi ya mutoto wa kwaya. Nilimushukuru kwa mikono mbili.

Aubin akaingia na telefone yake. Mama alimutuma arekodi usiku. Tukasikiliza wote. Kwanza sauti yangu, chini chini: «Lala tu, yaya. Kidole yako ni nzuri kuliko yangu.» Nikaangalia sakafu. Kisha mukoromo. Kisha kimya. Mama Micheline alihesabu kwa saa: segonde makumi mbili na nane. Kisha teke, pa! Pumzi ikarudi. Kimya tena, teke tena.

Kumbe mateke ni hayo. Siku hizi anapiga hata akiwa mu usingizi, amezoea.

Mama Micheline alicheka mpaka akakaa chini. Aubin alisema tu kwamba nikikufa, blanketi itabaki na yeye peke yake, na hataki kuonekana mwizi. Nilimununulia mandazi mbili. Moja nilikula njiani, lakini ya pili ilifika.

Jumamosi, tarehe 14

Usiku wa jana Aubin alifunga aparei mwenyewe kwa kidole yangu, na kamba. Leo jibu: pumzi inakatika zaidi ya mara makumi mbili kwa saa. Dokta wa koo atatoa mafindofindo kiisha Pasaka. Mpaka hapo, kushuka na chukudu ni mwiko.

Nilienda kwa Muzee Ntirenganya, nikamuambia hakukuwa mbuzi. Akajibu alijua, mbuzi wa Kibati wote anawafahamu. Chukudu itaningoja. Aubin ataishika kwanza. Nililia kidogo, ya furaha. Watu wanne wananitaka muzima, sikujua.

Jumatatu, tarehe 16

Aubin ameegesha chukudu vibaya, gurudumu juu ya jiwe. Hajui kuitunza. Nimewaza usiku muzima. Walikataza kushuka. Kupanda mpaka Kibati hakuna mutu alikataza. Ya kushuka nitawaza nikifika.

Blanketi yote nimemuachia Aubin, ni asante yangu. Naenda sasa hivi, maana mu usingizi mguu wake umeanza kutafuta mbavu zangu, na ukizikosa ataamka.