Benki ya Katikati

Taarifa ya habari ya mchana ilipofika kwenye pesa, mhudumu wa mkahawa wa Lahbib pale Khouribga, mji wa machimbo, aliongeza sauti ya televisheni bila kuombwa. Mtangazaji, kavaa tai ya rangi ya komamanga, akasema watoto wa nchi walioko ughaibuni wametuma nyumbani fedha nyingi kuliko mwaka jana, na mabenki yanawashukuru kwa moyo wao.

"Hata mimi ningeshukuru," alisema Fosfati. Jina lake Salah, lakini alichimba fosfati, mawe ya mbolea, maisha yake yote, na mpaka leo akikohoa watu husogeza glasi zao.

"Benki zina adabu," akajibu Balozi. Huyu ni Cherki. Ujanani aliwahi kukaa ng'ambo, Torino, miezi kumi na moja, na tangu hapo hajaacha kuiwakilisha. "Kiangazi wanasimamisha hema bandarini. Watoto wetu wakishuka melini wanapewa chai ya nanaa na kofia."

"Chai hiyo kanunua nani?"

Wa tatu mezani alikuwa Maati. Alikuwa anakoroga kahawa yake ya maziwa ingawa sukari ilishayeyuka zamani. Alikuwa ametoka benki, ng'ambo ya barabara. Mwanawe Abdelilah, aliye Torino, humtumia yuro mia mbili kila mwezi, na kila mwezi zinafika pungufu. Maati alipiga hesabu zake akauona mkono wa mkaza mwana, Rqia. Akalisema hilo. Na Rqia ni binti wa Balozi, huyu huyu aliyekaa mbele yake. Neno lilimfikia Balozi, likavuka bahari, na wiki iliyopita likaja jibu kutoka Torino: kiangazi hiki hatuji. Mjukuu ana miaka mitatu, na Maati hajapata kumwona ila kwenye simu.

"Mkwe wangu leo kimya," Balozi alimwambia Fosfati. Tangu lile neno, anazungumza na Maati kupitia watu tu. "Hebu muulize, binti yangu kaiba ngapi mwezi huu. Nataka nijue kama biashara inamlipa."

"Anauliza," Fosfati akamgeukia Maati.

"Nimemsikia. Mimi si kiziwi."

"Basi sema. Tumekuona ukiingia benki, tumekuona ukitoka. Umeingia na mabega, umetoka bila," Fosfati akasema.

Maati akaiweka glasi chini. "Nimemuuliza kijana wa dirishani nani anakata pesa yangu. Kasema wao wanachukua kidogo, gharama ya kupokea."

"Ya kupokea?" Fosfati akasogeza kiti. "Yaani jirani akileta kuskusi yako nikaipokea mimi, nile nyama kwanza?"

"Ngoja. Na benki ya kule inachukua yake ya kutuma. Halafu yuro wanazigeuza dirhamu kwa bei yao wenyewe, si hii ya kwenye televisheni. Hilo hawaliiti makato, wanaliita bei. Halafu kuna benki ya katikati."

"Ipi hiyo?"

"Pesa zinapita kwake njiani, naye anachota."

"Inaitwaje?"

"Hajui."

"Iko wapi?"

"Hajui. Nikamwambia anipe namba niwapigie, akacheka."

Fosfati akatikisa kichwa. "Mimi nimeoa mara mbili, na mshenga alikula kondoo wangu mara mbili. Lakini alikula mbele yangu, na jina lake nalijua."

Balozi alikuwa ameacha mzaha. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa akamtazama Maati usoni. "Kwa hiyo si Rqia."

"Sijasema si Rqia."

"Umetaja benki tatu. Binti yangu ana benki?"

"Hana."

"Basi malizia."

"Amalizie kwa Rqia mwenyewe," Fosfati akadakia. "Mpigie hapa hapa."

"Saa hizi yuko kazini," Maati akasema haraka.

"Yuko kwenye chakula," Balozi akasema, na simu ilikwisha kuwa mezani, sauti imefunguliwa. Rqia akaitika. "Binti yangu, baba mkwe wako ana neno."

Maati akakohoa. "Rqia, hujambo mwanangu? Mtoto hajambo? Na baridi huko?"

Fosfati akazungusha kidole hewani: twende, twende.

"Ile habari ya pesa," Maati akasema. "Ilikuwa benki. Nilikukosea. Nisamehe."

"Najua kuwa ni benki, baba."

"Unajua?"

"Tangu mwaka jana. Ulipoanza kulalamika nikawa naongeza ishirini zangu juu, za kule hotelini ninakofua. Nilisema benki wale hizo, zako waziache. Abdelilah hana habari. Nilidhani zinatosha."

"Hazikutosha," Maati akasema, na hapo hapo akatamani angekuwa na benki ya kuyakata maneno yake njiani. Balozi alikuwa anatazama dari.

"Nimeona," Rqia akasema. "Na ukizijumlisha, ndiyo nauli yangu na ya mtoto. Watu wanasema tumenuna. Hatujanuna, baba. Hatuna tiketi."

Televisheni ilishahamia kwenye mpira, na hakuna aliyeitazama.

"Msitume," Maati akasema.

"Nini?"

"Mwezi ujao msitume, na ule wa pili pia. Nunueni tiketi. Nina pensheni yangu. Sigara naacha."

"Rqia," Fosfati akaegemea simu, "usinunue tiketi mpaka tuone hilo la sigara."

Kule Torino akacheka, akasema sawa, wanakuja, akarudi kazini. Balozi akaifuta simu kwa mkono wa joho lake, polepole.

"Mkwe," akasema. "Lile neno ulimwambia nani?"

"Mke wangu tu."

"Na yeye?"

"Alikwenda hammamu, kuoga."

"Siku gani?"

"Alhamisi."

Fosfati akafumba macho. Alhamisi wanawake wa nusu ya mji wako pale, wamekaa kwenye mvuke, hawana haraka.

"Aliwaambia nini hasa?" Balozi akauliza.

"Kwamba zinapungua kama yuro kumi na tano."

"Mimi zilinifikia mia tano, na bangili ya dhahabu."

"Hicho ndicho kitu pekee kilichotumwa mji huu kikafika na nyongeza," Fosfati akasema. Akaagiza kahawa nyingine, akamwonyesha mhudumu kuwa mlipaji ni Maati.

Maati alikuwa ameshasimama. Lazima mkewe arudi hammamu akalifute neno, na lazima yeye ndiye amwambie. Aliweka pesa mezani bila ubishi, akavuka barabara kuelekea kwake, akitembea kama mtu ambaye ni afadhali apange foleni tena benki.