Cheti cha Seva Kilichoizuia Posa ya Mpwa Wangu

Kikundi cha Wakulima wa Viungo,
Mkuyuni, Morogoro.

Kwa Mkuu wa Ofisi Inayotoa Vyeti vya Seva,
Popote Ulipo.

Mheshimiwa Mkuu,

Assalaam alaykum. Kama wewe si wa dini yetu, basi habari za kazi na za nyumbani. Sisi huku hatujambo, mvua inanyesha na pilipili manga zimezaa. Mimi ni Halidi, katibu wa kikundi. Siandiki kwa hasira. Nimeswali, nimekunywa chai, naandika kama mtu anayemweleza ndugu yake.

Kikundi chetu kina seva yake ya imeili, kakompyuta kadogo kanakokaa ghalani juu ya gunia la karafuu. Fundi Yunusi ndiye aliyetufungia. Tangu juzi nikitaka kusoma barua zetu mashine inakataa, eti cheti cha usalama kimekwisha muda. Yunusi yuko Mzinga kwa kazi, kwa hiyo nimeona nije kwako moja kwa moja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Cheti chenu kinaishi miezi mitatu tu. Changu cha ndoa kiko kwenye kopo la majani ya chai tangu nilipooa, na hakuna asubuhi ambayo mke wangu aliamka akaniambia kimekwisha, turudi kwa shehe.

2. Mashine ilitangaza mbele ya mkutano wa wanachama kwamba huenda kuna watu wanataka kutuibia taarifa. Wote wakamgeukia Bartholomeo, mweka hazina. Mkatoliki safi yule, hajawahi kuchukua hata punje ya iliki. Tangu siku hiyo ukimwambia habari za asubuhi anajibu kwamba siyo yeye.

3. Naambiwa ninyi ndio mnaoshuhudia kwamba seva yetu ni yetu. Mmetujulia wapi? Hata Matombo hamjafika. Seva hii anaijua imamu, anaijua mwenyekiti wa kijiji, hata mbuzi wa jirani anaijua, maana alishatafuna waya wake. Naomba hao watoe cheti, mbuzi tumwache, na kikae mpaka Kiyama.

4. Hili ndilo linaloniumiza. Mpwa wangu Shadya anaposwa na Abasi wa Dumila, kijana wa vitunguu, mpole, anaswali. Kwetu Waluguru posa hufunguliwa na mjomba, na mjomba ni mimi. Tena mimi ndiye niliyewaambia wakwe wasihangaike na bahasha na kitambaa, waitume kwa imeili ya kikundi, wajue kwamba upande wa mke kuna watu. Wameituma. Imo humo. Jibu linangojwa kabla mwezi haujaandama, na mjomba akinyamaza ndiyo amekataa. Dada yangu Asia, mama wa binti, ananiuliza kama nimeimeza hiyo seva. Na chai anayoniletea Shadya siku hizi haina sukari.

5. Mashine imenipa kitufe kimoja tu cha kupitia, kimeandikwa kwamba nakubali hatari, niendelee. Nimekitazama tangu adhuhuri. Mheshimiwa, posa ya mtoto wa watu niifungue kwa kukubali hatari? Hatari nikubali mimi, ndoani akae yeye?

Kwa hiyo nadai mojawapo. Utupe cheti cha kudumu, au uende mwenyewe Dumila ukawaambie wakwe kwamba mjomba hakukataa, ni wewe uliyefunga mlango. Utafikia kwangu. Kama huna kanzu nitakuazima, na kama ni mwanamke, mke wangu ana khanga. Na kwa kuwa utakuwa umeshafika, arusi usiikose, utatusaidia kubeba sinia.

Wasalimie wote ofisini, na yule aliyebuni lile kufuli jekundu linalotokea kwenye kioo mlango ukifungwa. Mke wangu anawasalimu sana. Bartholomeo anawasalimu na anasema siyo yeye.

Ni mimi niliyefungiwa nje ya barua zangu,

Halidi
Katibu, tena mjomba

N.B. Kabla sijaipeleka posta, Yunusi amerudi. Ameisoma akicheka mpaka akakalia karafuu. Anasema seva hujiombea cheti kipya yenyewe, kila Ijumaa saa saba mchana, na akaniuliza ni nani huizima saa hiyo. Nikamjibu kwa fahari kwamba ni mimi, maana haifai sisi tuwe msikitini na yenyewe iko kazini. Tumefungua. Humo nimekuta barua zenu za kunikumbusha, za adabu kabisa, ambazo nilikuwa nazikimbia nikidhani ni za kamari. Nimekuta posa. Na nimekuta neno la wakwe kwamba wamempenda mjomba asiye na papara, watakuja wenyewe kupokea jibu. Nimeshakubali, na chai ya leo ilikuwa na sukari mpaka meno yaliuma. Madai yote nayafuta isipokuwa lile la sinia. Naituma kwa sababu stempu imeshabandikwa.

Yunusi ameihamishia kazi hiyo Jumapili asubuhi, saa ya misa. Bartholomeo nimemwona anautazama ule waya wa seva.