Siku Mama Mkwe Alipofokewa Mtoni

Njooni, enyi mlioketi na mliosimama, nanyi mliojiegemeza ukutani mkisingizia uchovu. Tegeni masikio, wenye soga wanyamaze na wenye simu wazizime, kwa maana linasimuliwa jambo zito lililotukia katika mto wa mlimani, mahali maji yalipofika magotini, baina ya majemadari wawili na samaki mmoja. Damu haikumwagika. Heshima ndiyo iliyonusurika kwa tundu la sindano.

Shujaa wetu alikuwa mwongozaji wa wavuvi, Bwana wa Mawe Yatelezayo, Mvaa Suruali ya Mpira Ifikayo Kifuani, ambaye kwa miaka sita aliwashika watu wazima mikono, akawaingiza mtoni kwa miguu yao wenyewe, akawafundisha kumhadaa samaki aitwaye trauti kwa nzi wa bandia, aliyefungwa kwa uzi na manyoya juu ya ndoana ndogo isiyozidi punje ya mchele. Wateja walimsifu. Mkewe alijivunia. Mtu mmoja tu chini ya mbingu hakuamini kwamba ile ni kazi, na mtu huyo, ole wake shujaa, alikuwa mama mkwe.

Naye hakuwa mama mkwe wa mchezo. Alikuwa mkunga mstaafu, Malkia wa Wadi ya Wazazi, aliyetawala miaka thelathini na mitatu kwa aproni nyeupe na sauti iliyosikika hadi getini. Kila alipokuja kumtembelea binti yake alimkuta shujaa mezani akifunga nzi wake kwa koleo, naye husema kwa upole wenye makali ya wembe, "Baba, kwa vile leo huna kazi, hebu nisaidie kusogeza kabati." Na shujaa alikuwa kazini. Akasogeza.

Safari hii mke akachoka. "Mama, kesho nenda naye mtoni ukajionee mwenyewe." Shujaa akapaliwa na chai.

Basi saa tatu asubuhi, jua likiwa limeshachungulia juu ya majabali, Malkia akaingia ndani ya suruali ya mpira iliyomzidi vipimo viwili, akafungwa mkanda kiunoni, akatoka na hadhi yake yote, jambo ambalo mameneja na mawakili wengi hawajaliweza. Wakaukabili mto. Hapo ndipo balaa la kwanza lilipojitokeza, maana kanuni ya kuvuka mkondo ni kwamba mwongozaji humshika mteja mkanda asije akabebwa na maji. Lakini ni mkwe gani, enyi wasikivu, aliyezaliwa na mama, atakayethubutu kumkamata mama mkwe mkanda? Shujaa akanyoosha fimbo yake ya kutembelea, akashika ncha moja, mama akashika nyingine, wakavuka hivyo kama watu waliobeba ngazi.

Balaa la pili lilikaa likiwangoja nyuma ya jiwe jeusi. Huko aliishi trauti, Sultani wa Maji Matulivu, Mtema Ndoana. Samaki huyu hummeza nzi na kumtema kabla hujapepesa jicho, na kwa hiyo mwongozaji hana budi kupiga kelele ya neno moja, "Inua!", na mteja ainue ufito wake wa kuvulia papo hapo, awe nani, awe na cheo gani. Jaji mzima aliwahi kufokewa pale pale, akainua.

Mama akarusha. Nzi akatua, akaelea, akalipita jiwe. Mdomo ukafunguka chini yake.

"Samahani mama," akaanza shujaa, "kama haitakuwa usumbufu, nilikuwa naomba, ukipenda, uinue kidogo..."

Sultani alikuwa ameshaonja, ameshatema, ameshakwenda zake.

"Niinue nini, baba?"

"Ufito, mama. Lakini basi, si neno."

Mara ya pili akajitahidi kufupisha, akafika "Mama, kwa heshima zote," na samaki hakusubiri zote. Mara ya tatu akakohoa, akitumaini ataeleweka. Mama akageuka, akamwambia afunge vifungo vya koti, kifua si kitu cha kuchezea.

Kisha Malkia akaushusha ufito, akatoa hotuba.

"Mwanangu, nikuulize. Wateja wako wote unawavulisha hivi? Maana kama kazi yenyewe ni kusimama ndani ya maji mkiombana samahani, bora nirudi nikapige pasi nguo zangu."

Shujaa aliona uchungu. Hakuwa akitaka kusifiwa. Alitaka siku moja tu arudi nyumbani, mama huyu amwulize kazi imeendaje, kama wanavyoulizwa wanaume wengine. Akasema kwa sauti ndogo, "Rusha mara moja tu, mama. Ya mwisho."

Nzi akatua. Akaelea. Mdomo ukafunguka.

"INUA!"

Majabali yakaitika, ndege wakatoka kwenye vichaka, na ufito ukapinda hadi majini. "Kaza! Usimlegezee! Mwache akimbie, mwache! Sasa vuta! Rudi nyuma! Nimesema nyuma, wewe!"

Wewe! Alisema wewe! Na mkono wake, bila kuomba ruhusa kwa mtu, ulikuwa umeukamata mkanda wa mama mkwe, ukimvuta kutoka kwenye jiwe lenye utelezi. Sultani akachupa, akapiga mbizi, akakimbilia kushoto, akarudi kulia. Mama akatii kila amri. Vita vikadumu dakika moja na nusu, kisha wavu ukapita chini ya samaki, mwenye madoa mekundu ubavuni na urefu wa kiganja kimoja.

"Lowesha mikono kwanza! Mwelekeze kichwa kwenye mkondo! Usimbane!"

Mama akamshika bila kumbana, akamngoja avute nguvu, akamwachia. Samaki akapotea.

Ndipo shujaa akarudiwa na fahamu. Akauachia mkanda kana kwamba umeshika moto.

"Mama, nisamehe. Nimekufokea. Nimekuita... nisamehe sana."

"Hebu nyamaza," akanena Malkia. "Mimi nimemfokea mke wa daktari wangu mkuu. Nimemfokea mwalimu aliyenifundisha kusoma. Sukuma! Usisukume! Pumua, wewe! Mtoto akija, hakuna mtu wa kumwambia ukipenda. Asubuhi yote unanibembeleza, nikasema moyoni, huyu hana analolijua, maskini binti yangu. Sasa nimekusikia. Mtu hafoki vile ila akiwa kazini."

Simu ikamlilia shujaa kifuani, alikuwa mkewe. Mama akanyoosha mkono, akaichukua.

"Mwanangu, mumeo yuko kazini. Kama una shida naye, piga saa kumi." Akakata, akamrudishia.

Basi na iandikwe, na anayeandika asitetemeke mkono: kwamba siku hiyo, saa tano na robo, samaki wa kiganja kimoja alivuliwa na kuachiwa, na mama mkwe akalitamka neno lile, kazi, kwa kinywa chake, mto ukiwa shahidi. Iandikwe pia kwamba alipoushika tena ufito na kuuliza, "Haya, nirushe wapi?", shujaa aliyafuta macho yake kwa kiwiko, akajibu, "Kule, nyuma ya jiwe la pili," na hakusema tafadhali.