Neno la Siri Lililofungiwa Maandazi

Jumatatu, 4 Oktoba 2004
Nimebadilisha neno la siri la hifadhidata ya wakulima! Athanasi, mwenzangu wa ofisini, alikuwa analijua, na tangu atoke kozi Dar anajigamba kuwa seva ya kituo, ile kompyuta iliyo chini ya meza yangu hapa Mjimwema, yeye angeitunza vizuri zaidi. Thubutu! Sasa mwenye mamlaka ni mimi peke yangu. Neno lenyewe lina herufi ishirini. Nimeliandika nyuma ya karatasi ya mtihani wa zamani, nikaichomeka kwenye rundo la karatasi chakavu. Mwizi gani atapekua takataka?

Jumanne, 5 Oktoba
Mama Lidwina, mkuu wetu, katangaza kwamba Ijumaa wanakuja wakulima wa korosho kutoka Nalasi. Wataona majina yao kwenye tovuti, na mapya tutayaingiza mbele ya macho yao. Nikasema hakuna shida. Nikaifuata karatasi yangu. Rundo halipo! Brigita, mfanya usafi wetu, akasema kampelekea Saada wa maandazi jana jioni, kama kila Jumatatu. Eti hata mlango nilimfungulia mimi.

Jumatano, 6 Oktoba
Nimeshinda kwa Saada. Kila mteja akifungiwa maandazi, nachungulia karatasi. Jiografia. Jiografia. Barua ya kuomba ruhusa ya msiba. Nimekula maandazi kumi na manne ili nipate karatasi zake. Saada akauliza kwani nyumbani hawapiki. Nikamjibu niko kwenye utafiti.
Saa tisa nikauona mwandiko wangu mikononi mwa mzee mmoja! Nikampa shikamoo mbili, nikaomba karatasi. Mafuta yamekula herufi zote, zimebaki tatu. Hizo kumi na saba nimebahatisha mpaka kidole kimevimba. Seva inakataa tu. Tumbo nalo!

Alhamisi, 7 Oktoba
Mama Lidwina alitaka tufanye majaribio. Nikasingizia umeme mdogo. Taa zote zinawaka! Akasema kwa upole, na upole wake ndio unaotisha, kwamba kesho hifadhidata isipofunguka, seva ni ya Athanasi, mimi nirudi kuchapa barua. Barua! Na Paskalina, mke wangu, kashaitangazia jumuiya nzima kwamba kaolewa na mtaalamu.
Nikamwendea Athanasi. Nikamwambia nina rafiki yangu Mbinga kasahau neno la siri. Akauliza kama huyo rafiki naye ana mafuta ya maandazi kwenye shati. Mshenzi! Lakini akaeleza: mashine ni yetu, tunaishika kwa mikono. Zima hifadhidata, iwashe kwa kuiamuru isiulize neno la siri, ingia, weka jipya, halafu izime na kuiwasha kama kawaida. Akasisitiza nisisahau hatua ya mwisho, la sivyo yeyote ataingia.

Ijumaa, 8 Oktoba
IMEFUNGUKA! Dakika ishirini tu, na hatua ya mwisho sikuisahau! Nilikaa chini sakafuni nikacheka peke yangu, kisha machozi yakanitoka. Sirudi kwenye barua!
Wageni walikuja mapema ili wawahi swala. Mzee Bashiru alipoliona jina lake alisema Alhamdulillahi, akaomba tuandike na la mkewe Mwanne, maana mikorosho mingi ni ya mama. Nikaliingiza hapo hapo. Makofi! Mama Lidwina akanishika bega. Athanasi hakutoboa siri, akaniletea chai. Ni mtu mzuri kumbe. Nimefarijika, nimelala mchana kama mtoto.

Jumamosi, 9 Oktoba
Nimefikiria ile chai. Kwa nini aniletee chai? Anatafuta kitu huyu! Nimebadilisha tena neno la siri, sasa herufi thelathini. Na nimeerevuka: siweki tena kwenye rundo, rundo linabebwa ovyo. Karatasi nimeitia ndani ya boksi imara kabisa lililo karibu na mlango, lenye jina la Saada ubavuni kwa kalamu nyekundu. Boksi la mwenyewe, nani atathubutu kulichukua?